Njiwa wa Nyumbani na Mbwa wa Kuonyesha Ndege

Wasikilizaji wetu, na ninyi mnaoyasoma mazungumzo haya katika kitabu, leo twapenda kueleza habari za wanyama wawili ambao kwa desturi hatuwataji pamoja. Wa kwanza ni njiwa, ndege mpole afugwaye nyumbani. Wa pili ni mbwa. Naye si mbwa wa kulinda mlango, wala si wa kufukuza nguruwe shambani, bali ni mbwa wa Ulaya na Marekani ambaye kazi yake ni kutafuta ndege wa porini kwa harufu, na akisha kumpata, kusimama kimya bila kumgusa mpaka bwana wake afike. Katika nchi hizo watu wengi wenye mbwa wa namna hii hufuga njiwa nyuma ya nyumba zao. Hawawafugi kwa ajili ya kitoweo tu, wala kwa mashindano ya kuruka. Njiwa hao ndio ubao na chaki ya kumsomeshea mbwa.

Mtu asiyejua asili ya jambo hili aweza kulidhani kuwa ni mchezo wa watu wenye nafasi. Lakini tukirudi nyuma kidogo, twaona kwamba palikuwa na zamani ambapo mtu wa kawaida wa Ulaya aliweza kunyang'anywa mbwa wa namna hii kwa amri ya sheria, na njiwa walioshuka shambani kwake kula mbegu zake walikuwa mali ya mkubwa ambaye hakuthubutu kumgusa hata mmoja. Basi jinsi njiwa na mbwa walivyotoka mikononi mwa wakubwa wachache wakafika katika ua wa mtu wa kawaida, ndiyo habari yetu ya leo.

Na tuanze na njiwa. Njiwa wote wa nyumbani, weupe kwa weusi, wametokana na njiwa wa majabali, ambaye hujenga katika nyufa za miamba ya Ulaya, Afrika ya Kaskazini na Asia ya Magharibi. Watu wa Misri na wa nchi iitwayo leo Iraki walimfuga maelfu ya miaka iliyopita. Katika vitabu vya dini twasoma habari za njiwa aliyetumwa kutoka safinani akarudi. Na sisi watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki twamwita njiwa wa kufugwa “njiwa manga”. Nalo neno Manga ni jina la kale la upande wa Uarabuni, kwa hiyo jina lenyewe latuonyesha kwamba wazee wetu walimhesabu kuwa mgeni aliyekuja na watu wa ng'ambo.

Ndege huyu ana tabia tatu zilizomfanya apendwe. Kwanza, kwa kuwa amezoea nyufa za miamba, hukubali upesi kukaa katika shubaka la ukuta. Pili, huzaa mara nyingi kwa mwaka, mayai mawili mawili. Tatu, naye hii ndiyo tabia kubwa, akisha kujua kwao hurudi kwao. Waajemi wa Isfahan katika karne ya 17 walijenga minara mikubwa yenye maelfu ya vishubaka, wakikusanya mavi ya njiwa na kuyatia katika mashamba ya matikiti. Wamisri nao wana minara yao hata leo. Njiwa huenda kutafuta chakula chake mwenyewe mashambani, na jioni hurudi mnarani. Kwa hiyo mwenye mnara hupata nyama na mbolea kwa gharama ndogo.

Lakini hapo ndipo penye neno. Njiwa akienda kutafuta chakula chake, hakitafuti katika shamba la nani? Katika Uingereza na Ufaransa za zamani, kujenga nyumba kubwa ya njiwa ilikuwa haki ya mabwana wenye nchi. Huko Uskoti sheria ya mwaka wa 1617 ilikataza mtu ye yote kujenga nyumba ya njiwa ila awe na ardhi yenye mavuno mengi karibu na hapo. Sheria hiyo ilikuwa na maana yake: mwenye njiwa wengi awalishe katika nafaka yake mwenyewe. Walakini ndege hajui mpaka wa shamba. Mkulima mdogo alipanda ngano, njiwa wa bwana wakashuka wakaiokota, na yeye akatazama tu.

Sasa tumtazame mbwa. Mbwa ye yote anapomvizia mnyama husita kidogo kabla ya kuruka. Watu wa Ulaya waliiona tabia hii, wakachagua mbwa waliosita zaidi, wakawazalisha, hata kule kusita kwa nukta moja kukawa kusimama kwa dakika nyingi. Mwaka wa 1387 kabaila mmoja wa Ufaransa ya kusini, Gaston Phébus, mtawala wa Foix, alianza kuandika kitabu cha uwindaji, na ndani yake amewataja mbwa wa ndege, ambao watu walidhani asili yao ni Hispania. Mbwa hao walitangulia mbele ya watu wenye kozi. Mbwa aliwainua ndege, kozi akawashika. Tena baadhi yao walifundishwa kulala chini mbele ya kwale, ili watu waje na wavu na kuwafunika. Mwaka wa 1570 tabibu mmoja Mwingereza, John Caius, aliandika kwa Kilatini habari za mbwa wa Uingereza, naye akaeleza mbwa aliyenyamaza kabisa apatapo harufu, akajilaza tumbo chini, akatambaa kama mdudu, na kuonyesha mahali walipo ndege. Huyo ndiye babu wa mbwa anayeitwa leo seta.

Baadaye zikaja bunduki, na hapa historia ya njiwa na ya mbwa zikagusana kwa njia ambayo watu wachache huikumbuka. Baruti hutengenezwa kwa makaa, kiberiti na shura. Shura ilipatikana katika udongo uliolowa mikojo na mavi ya wanyama, na sakafu ya nyumba ya njiwa ilikuwa na shura nyingi. Katika karne ya 16 na ya 17 watu wa mfalme wa Uingereza walikuwa na ruhusa ya kuingia katika mabanda na nyumba za njiwa na kuichimba sakafu, nao walichukiwa sana kwa ajili hiyo. Hivyo njiwa alisaidia kuijaza bunduki, na bunduki ikabadili kazi ya mbwa.

Hapo kwanza watu waliwapiga ndege waliotua. Lakini bunduki za gumegume zilipofanywa nyepesi na za kuaminika, mabwana wa Uingereza wa mwisho wa karne ya 17 walianza kuwapiga ndege wakiwa hewani. Bunduki hiyo ilishindiliwa kwa mkono, mlio mmoja kwa safari moja. Mwindaji alihitaji kuwa karibu na tayari kabla ndege hajaruka. Mbwa mwenye papara, anayewakimbilia ndege na kuwafukuza mbali, alikuwa hasara tupu. Mbwa aliyesimama kama sanamu, mguu mmoja juu na pua mbele, alikuwa hazina. Mapema katika karne ya 18 Waingereza walipata kutoka bara la Ulaya mbwa mwingine wa kazi hii, mwenye manyoya mafupi, aitwaye pointa. Na Hispania ndiyo hutajwa zaidi kuwa asili yake.

Hazina ya namna hiyo haikuachwa mikononi mwa kila mtu. Mwaka wa 1671 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya wanyama wa kuwindwa. Kwa sheria hiyo, mtu asiye mwana wa mkubwa hakuruhusiwa kuwinda ila awe na ardhi ya urithi yenye kuingiza pauni 100 kwa mwaka, au ardhi ya kukodi kwa muda mrefu yenye kuingiza pauni 150. Mtu asiyefikia kiasi hicho hakuruhusiwa hata kuweka bunduki, wala nyavu, wala mbwa wa kuonyesha ndege. Walinzi wa mabwana waliweza kupewa idhini ya kuingia nyumbani mwake, kutafuta na kuvichukua. Fikirini jambo hili: mkulima aliweza kuwaona kwale wakinenepa kwa nafaka yake mwenyewe, na mbwa wake akachukuliwa kwa sababu alijua kuwaonyesha. Sheria hiyo ilikaa miaka 160. Na sheria ya mwaka wa 1828 juu ya watu waliowinda usiku bila ruhusa ilizidisha ukali, hata mtu aliyehukumiwa mara ya tatu aliweza kupelekwa uhamishoni ng'ambo kwa miaka 7.

Ufaransa ndiyo iliyouvunja ukuta huo kwanza. Mwaka wa 1789, mfalme alipotaka kujua malalamiko ya raia zake, vijiji vingi viliandika orodha za dhuluma, na katika orodha hizo njiwa wa mabwana walitajwa mara nyingi pamoja na sungura na kwale wasioweza kuguswa. Usiku wa tarehe 4 Agosti mwaka ule, katika mkutano mkuu wa taifa, makabaila wenyewe walisimama mmoja mmoja wakaziacha haki zao za kale. Siku chache baadaye amri iliandikwa. Kifungu chake cha pili kilifuta haki ya mabwana peke yao kuwa na nyumba za njiwa. Kikasema kwamba njiwa wafungiwe katika nyakati zitakazowekwa na wenyeji wa kila mahali, na kwamba wakionekana nje katika nyakati hizo, kila mtu ana ruhusa ya kuwaua katika ardhi yake. Kifungu cha tatu kilifuta haki ya mabwana peke yao kuwinda. Njiwa kwanza, uwindaji baadaye, kifungu kwa kifungu. Maana kwa mkulima yalikuwa ni mambo mamoja.

Uingereza ilikwenda polepole. Mwaka wa 1831 sheria mpya iliondoa kile kipimo cha pauni 100, na tangu hapo mtu ye yote aliyelipia cheti aliweza kuwinda, maadamu ana ruhusa ya mwenye ardhi. Sheria hiyo ndiyo iliyoziweka pia nyakati za kufunga uwindaji, ili ndege wapate kutaga na kulea. Kwa kwale, mathalan, ruhusa huanza tarehe 1 Septemba na kwisha tarehe 1 Februari.

Sasa tulinganishe hali ya mtu wa mjini katika karne ya 19 na ya baba zake. Haki ya kuwa na mbwa wa ndege anayo. Lakini ardhi hana, na kwa miezi saba ya mwaka kwale hawapigwi. Mbwa wake atajifunza wapi, na kwa ndege gani? Jibu lilikuwa juu ya dari yake mwenyewe.

Maana wakati huo huo njiwa naye alikuwa amebadili mabwana. Katika Ubelgiji watu wa kawaida walichanganya koo mbalimbali za njiwa mpaka wakapata njiwa wa kurudi, mwenye kifua kipana na mabawa yenye nguvu, aliyeweza kurejea kwao kutoka mwendo wa mamia ya maili. Mwaka wa 1850 Paul Julius Reuter alitumia njiwa kupeleka habari za biashara kati ya Aachen na Brussels, mahali ambapo nyaya za simu zilikuwa hazijaungana. Mji wa Paris ulipozungukwa na majeshi ya Wajerumani katika mwaka wa 1870 na 1871, njiwa walitolewa mjini kwa baluni, wakarudi na barua zilizopunguzwa kwa picha hata zikawa ndogo mno. Na katika miji ya machimbo ya makaa ya mawe, Uingereza ya kaskazini, Ubelgiji na Ufaransa ya kaskazini, mchimbaji aliyeshinda gizani chini ya ardhi alitoka jioni akaenda kutazama mbinguni kama njiwa wake amerudi. Ndege wa kabaila amekuwa ndege wa mtu wa kazi.

Hatupendi kuficha kwamba palikuwa na njia nyingine ya kumtumia njiwa, nayo ilikuwa ya ukatili. Matajiri walianzisha mashindano ya kumpiga risasi njiwa aliyefunguliwa kisandukuni. Klabu ya Hurlingham karibu na London ilianzishwa mwaka wa 1869 kwa mchezo huo, na mwaka wa 1900 mchezo huo ulifanywa Paris wakati wa michezo ya Olimpiki, ndege karibu 300 wakauawa. Hurlingham waliuacha mwaka wa 1905, na mwaka wa 1921 Bunge la Uingereza likaupiga marufuku. Kabla ya hapo, mwaka wa 1880, Mmarekani mmoja wa mji wa Cincinnati, George Ligowsky, alikuwa amebuni kisahani cha udongo cha kurushwa hewani badala ya ndege. Basi mwenye kutaka shabaha alipewa udongo. Lakini mwalimu wa mbwa hakuweza kutumia udongo, kwa sababu udongo hauna harufu ya ndege. Yeye alihitaji njiwa mzima. Na kwa bahati njema, alimhitaji mzima leo, na kesho, na kesho kutwa.

Kazi ya kufundisha mbwa nayo ilikuwa inageuka kuwa elimu. Mwaka wa 1848 afisa mmoja wa jeshi la Uingereza, W. N. Hutchinson, alitoa kitabu cha mafundisho ya mbwa, naye alimtaka mwalimu awe mwenye kuizuia hasira yake, na maneno yake na ishara zake zisibadilike leo na kesho. Mwaka wa 1859 maonyesho ya mbwa yalifanywa Newcastle upon Tyne, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake, na mbwa walioletwa walikuwa seta na pointa tu. Mwaka wa 1865 huko Southill katika wilaya ya Bedford, mbwa walishindanishwa uwandani kwa kazi yao wenyewe, si kwa uzuri wa manyoya. Wamarekani wakafuata karibu na Memphis mwaka wa 1874, na tangu 1896 wana mashindano yao makubwa ya taifa, ambayo hufanywa Grand Junction katika jimbo la Tennessee, kwa kumtafuta kwale mdogo wa nchi ile aitwaye bobwhite.

Sasa tueleze jinsi njiwa anavyomfundisha mbwa. Mwalimu hutia njiwa katika kisanduku kidogo chenye mlango wa kamani, hukificha katika majani marefu, kisha humleta mbwa, amefungwa kamba ndefu, kwa upande ambao upepo utampelekea harufu. Mbwa apatapo harufu hugeuka ghafula. Akisimama, mwalimu hanyanyui mkono wala sauti. Humwacha aionje ile harufu. Akipiga hatua mbele ili amrukie, mwalimu hufungua kisanduku kwa kamba au kwa kitufe, na njiwa huruka akaenda zake. Hapana kiboko wala matusi. Jambo lenyewe limekwisha kumwambia mbwa: ukisogea, ndege amekwenda, ukisimama, ndege yupo. Baada ya siku nyingi za namna hii mbwa hujua kwamba ndege si wa kukamatwa naye, bali ni wa kuonyeshwa bwana wake. Ndipo afundishwapo kukaa kimya hata ndege akiruka mbele ya macho yake, na hata bunduki ikilia.

Pasipokuwa na kisanduku, wako wanaomkunja njiwa kichwa chini ya bawa, humpembea polepole kama mtoto, na kumlaza majanini. Naye hukaa kitambo kama aliyesinzia, kisha huamka akaruka. Njia hii ni ya kale, lakini yataka mkono mpole.

Wasikilizaji wetu Waislamu watakumbuka kwamba jambo hili la mbwa aliyefundishwa si geni kwao. Katika Sura ya Maida imeelezwa kuwa ni halali kula walichokamata wanyama wa kuwindia waliofunzwa, jina la Mungu likiisha kutajwa. Na wanavyuoni wameweka alama za mbwa kuwa amefunzwa: atumwapo huenda, akatazwapo hujizuia, wala hali alichokishika. Tazameni jinsi alama hizo zinavyolingana na masomo ya wale waalimu wa mbali. Kila mahali watu wamekubali kwamba mbwa wa kuwindia hapimwi kwa mbio zake, bali kwa kujizuia kwake.

Mwenye kutaka njiwa wa kazi hii hana budi kuwatunza vizuri, na utunzaji wenyewe una kanuni chache. Nyumba yao iwe kavu, yenye hewa lakini isiyovujiwa na mvua, imeinuliwa juu ya ardhi ili panya na paka wasiingie. Mlango wa kurudia hufanywa kwa vijiti vyembamba vinavyoning'inia, ambavyo njiwa huweza kuvisukuma kuingia ndani, lakini vikagonga kizingiti asipate kutoka. Hivyo mwenye nyumba aweza kwenda kazini, na jioni akawakuta njiwa wote aliowaacha maili kadha wa kadha mbali wamekwisha kuingia wenyewe.

Njiwa mkubwa aliyenunuliwa asifunguliwe, kwa kuwa atarudi kwa bwana wake wa zamani. Huyo na awekwe ndani azae. Mayai hukaliwa siku 18 hivi, baba na mama wakipokezana. Makinda hulishwa na wazazi wote wawili kwa uji mzito utokao katika mfuko wa shingo. Na wakipata majuma manne hivi huwa tayari kuacha kiota. Hao waliozaliwa hapo ndio watakaoijua nyumba hiyo kuwa kwao. Kwanza watazame mazingira kutoka katika kizimba cha nje, kisha wafunguliwe jioni wakiwa na njaa, ili waitikie mlio wa nafaka katika bati. Mkono mtupu haulambwi. Baadaye wachukuliwe robo ya maili, kisha maili moja, kisha tano, hatua kwa hatua. Wasifunguliwe katika ukungu, wala mvua, wala jua likikaribia kuchwa, maana njiwa hasafiri usiku. Chakula chao ni mahindi, ngano na njegere; wapewe changarawe za kusagia chakula tumboni, na maji safi kila siku. Wageni watengwe kwanza mpaka ijulikane kwamba hawana ugonjwa. Naye afagiaye banda afunge kitambaa puani na mdomoni, kwa kuwa vumbi la mavi na manyoya, likivutwa miaka mingi, huweza kuyadhuru mapafu.

Kanuni ya mwisho ni kubwa kuliko zote: njiwa mmoja asifanyishwe kazi bila kupumzika, wala asitolewe manyoya ya bawa ili mbwa amkamate kwa urahisi. Mbwa aliyemshika njiwa amejifunza kinyume cha somo. Kwa hiyo huruma na faida hapa zakwenda njia moja. Njiwa anayerudi nyumbani mzima ndiye dalili kwamba mbwa amefundishwa vema.

Kwa nini twasema kwamba habari hii yafaa kusimuliwa leo? Kwa sababu ndege wale waliogombaniwa kwa karne nyingi, wakalindwa kwa walinzi na magereza, sasa wanapungua hata pale ambapo hapana mtu aliyevunja sheria. Kwale wa kijivu wa Uingereza wamepungua zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1960. Bobwhite wa Marekani wamepungua zaidi ya robo tatu katika muda kama huo. Sababu kubwa si bunduki, ila ni mashamba yaliyopanuliwa mpaka vichaka na majani ya pembezoni vikaisha, na dawa za kuua magugu na wadudu, ambao ndio chakula cha makinda. Mahali ambapo kwale ni wachache, kuwasumbua kila siku kwa ajili ya kumfundisha mbwa mchanga, hasa wakati wa kutaga, ni kuwaongezea taabu. Njiwa wa nyumbani huuchukua mzigo huo badala yao. Mbwa hufanya makosa yake yote ya utoto mbele ya ndege ambaye hana la kupoteza ila safari ya dakika chache. Na akisha kukomaa ndipo aendapo porini, akijua kusimama.

Hivyo, wasikilizaji wetu, tumewaona njiwa na mbwa wakipita katika milango mingi. Njiwa alikuwa ndege wa bwana aliyekula nafaka ya maskini. Akawa shura ya baruti. Akawa shabaha ya matajiri. Akawa mjumbe wa vita. Na mwisho akawa mwalimu katika ua wa mtu wa kawaida. Mbwa naye alikuwa mali ya kunyang'anywa, akawa mwanafunzi. Sheria ndizo zilizofungua milango hiyo, lakini sheria peke yake hazikutosha. Ilihitajiwa pia ile tabia ya njiwa ambayo hakuna mfalme aliyempa wala bunge lililoweza kumwondolea, yaani kupenda kwao. Mwenye mnara wa mawe na mwenye banda la mbao moja kwa moja ni sawa mbele ya njiwa: hurudi alikozaliwa na alikolishwa.

Jioni moja mkipita mahali mkaona njiwa wakizunguka juu ya paa mara moja, mara mbili, kisha wakashuka wote pamoja, kumbukeni kwamba safari hiyo fupi ya kurudi ndiyo iliyomfundisha mbwa subira.